Breki ya tela hufia kwenye ethi

Anayenunua kidhibiti cha breki za umeme za tela kwa ajili ya Hilux ya miaka ya 1990 hukabidhiwa kisanduku chenye nyaya nne tu, na hapo kazi huonekana nyepesi. Kwa kawaida mweusi huenda kwenye chanya ya betri kupitia fyuzi, mweupe kwenye hasi, mwekundu kwenye swichi ya taa za breki juu ya pedeli, na wa buluu hupeleka umeme nyuma kwenye tela. Kisanduku hufungwa chini ya dashibodi. Kikiwa cha aina inayohisi gari linavyopunguza mwendo, lazima kielekee mbele sawasawa. Mtego mmoja mkubwa ni kwamba baadhi ya Land Cruiser kuukuu za dizeli hutumia volti 24, na kidhibiti cha volti 12 kitaungua humo. Lakini kwa gari linalolala Likombe, karibu na bahari, mimi nashikilia kwamba breki hii hufa au kupona kwenye waya unaotazamwa mwisho: ule wa kurudisha umeme kwenye betri, yaani ethi.

Desturi ya mafundi wengi ni kuiachia chasisi kazi hiyo. Tuchukue tela ya ekseli moja yenye breki mbili. Kila breki hukazwa na sumaku ya umeme inayokula takriban ampea 3 kwa volti 12, kwa hiyo ukinzani wa zote mbili kwa pamoja ni kama omu 2. Sasa fungua boliti ya ethi iliyopigwa na upepo wa chumvi miaka nenda miaka rudi. Chini ya washa kuna unga wa kutu, na ukichuna ganda la waya, shaba imegeuka kijani hadi ndani. Nusu omu tu mahali hapo hushusha volti 12 zikabaki 9.6. Ni hasara ya moja ya tano, ila mvuto wa sumaku hupungua kwa kasi kuliko mkondo, na hubaki takriban theluthi mbili. Kibaya zaidi, taa hazitoi habari. Balbu ya wati 5 hula chini ya nusu ampea, basi huwaka vizuri kabisa kupitia ethi hiyohiyo mbovu, na fundi aliyepima kwa testa huondoka ameridhika. Waya wa milimita za mraba 6 uliovutwa sambamba na ule wa buluu, kutoka plagi ya tela hadi hasi ya betri, hupoteza robo ya volti tu kwa mita 7 za kwenda na 7 za kurudi.

Wapo watakaosema pikapu imevuta tela miaka yote bila breki hizo. Imevuta, ndiyo, lakini pikapu ya tani 1.5 yenye tela ya uzito uleule inasimamisha mzigo maradufu kwa breki zilezile, na umbali wa kusimama hukaribia kuongezeka mara mbili. Anayeteremka na korosho kutoka Newala hana nafasi hiyo ya ziada. Pingamizi lenye uzito ni la wanaopenda breki ya kusukumana, inayojifunga tela inapolisukuma gari, isiyohitaji waya wowote. Kwa tela ya boti inayozamishwa majini Msimbati nakubaliana nao, kwani sumaku na maji ya chumvi havipatani. Kwa tela ya mizigo sikubali: tela ikianza kuyumba, breki ya umeme humruhusu dereva kuikamata tela peke yake kwa mkono, bila kugusa pedeli.

Kwa hiyo kipimo cha mwisho kifanyike gurudumuni. Injini ikiunguruma na kidhibiti kikiwa kimefunguliwa nguvu yote, mita iguse nyaya mbili za sumaku, kisha iguse betri. Pengo likizidi volti 1, nyaya zifuatwe kiungo kwa kiungo kabla gunia la kwanza halijapakiwa.