Nusu ya Mshororo

Asubuhi moja, kando ya ziwa Singidani, pale majabali yanapopandana hata mgeni akadhani yamepangwa kwa mikono, alinipita mama mmoja aliyejitwisha kapu la vitunguu, na juu ya pindo la kanga yake pameandikwa: Subira huvuta heri. Nikayahesabu maneno yale kwa vidole, su-bi-ra-hu-vu-ta-he-ri, nikakomea 8 barabara, nusu kamili ya mshororo.

Sidhani kuwa hiyo ni sadfa. "Mwenda pole hajikwai" ni mizani 8. "Penye nia pana njia" ni 8. "Mficha uchi hazai" nayo 8. Tangu Kaluta Amri Abedi atoe Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, hapana mwanafunzi wa fani hii asiyejua kwamba shairi la tarbia lililozoeleka lina mishororo 4 ya mizani 16, kila mmoja umegawika katikati kwa kina. Lakini ni wachache wanaotua kutafakari ya kuwa wahenga, bila kalamu wala karatasi, walikuwa wakikipima kipande hicho hicho kwa masikio yao.

Ufundi, basi, uko katika nusu iliyobaki. Mtunzi dhaifu huibandika methali nzima katika kibwagizo akaona kazi imekwisha, ilhali ndipo kwanza inaanza. Chukua, mathalani, "kikulacho ki nguoni mwako": ina mizani 10; ukiipogoa neno la mwisho zinasalia 8, kisha unadaiwa 8 nyingine zitokazo kifuani mwako. Mimi nilijaribu hivi: Kikulacho ki nguoni, msituni hakilali. Nusu ya kwanza ni amana ya wahenga; ya pili ni deni langu kwao, na sina hakika kama nimelilipa.

Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyezaliwa mwaka 1917, jirani kabisa na Manyoni yetu, aliipa hekima makao mapya alipoziendeleza ngonjera: humo msemo hautolewi kama hukumu, bali kama hoja, na mwenziwe husimama akaujibu. Naye Euphrase Kezilahabi, alipochapisha Kichomi mwaka 1974 akavitupa vina na mizani, hakuitupa kauli fupi nzito. Kwa maoni yangu, katika shairi huru kauli hiyo ndiyo inayofanya kazi iliyokuwa ya kina, kulishika sikio lisipotee.

Ninyi vijana mtungao mashairi Iramba, Ikungi, Mkalama na Manyoni, msiziache methali za Kinyaturu na Kinyiramba zikae kimya vibarazani. Mwulizeni bibi, andikeni asemavyo kwa lugha yake kwanza, kisha mfasiri kwa Kiswahili fasaha, mkihesabu mizani kwa vidole.