Wangemwacha Benton na Wafu

Wasomaji wengi wa Patricia Cornwell watakuambia stori iliharibika pale alipomfufua Benton Wesley. Mimi naona iliharibika kabla Benton hajatokea, kwenye ukurasa wa kwanza wa Blow Fly, mahali ambapo Kay Scarpetta ameacha kusema "mimi". (Kama hujafika huko, samahani. Kitabu ni cha 2003, siri yake imeshazeeka.)

Turudi nyuma kidogo. Postmortem ilitoka 1990. Scarpetta ni mwanapatholojia mkuu wa jimbo la Virginia, Marekani, na kuna mtu anawanyonga wanawake mjini Richmond usiku. Hakuna helikopta wala genge la kimataifa. Kuna chembechembe zinazometameta kwenye miili ukiimulika kwa leza, na kuna harufu fulani tamutamu, ya ajabu, ambayo mtu mmoja aliinusa. Kitabu kizima kinatembea kwa vitu vidogo hivyo. Chembe zile zinaishia kuwa mabaki ya sabuni ya unga ya kunawia mikono. Sabuni! Na wewe msomaji umekesha ukiisubiri hiyo sabuni, kwa sababu aliyekushika mkono ni Scarpetta mwenyewe: amechoka, ana mpwa wa miaka kumi nyumbani, kazini wanaume wanasubiri aanguke, na anakwambia tu alichokiona. Cornwell alikuwa amefanya kazi kwenye ofisi ya wapasuaji maiti wa Virginia kabla ya kuandika, na inaonekana.

Vitabu 11 vilienda hivyo, kwa sauti hiyo hiyo. Katika cha tisa, Point of Origin cha 1998, Benton, mpelelezi wa FBI na mpenzi wa Scarpetta, anauawa na maiti yake inachomwa moto. Kinachofuata, Black Notice, kinaanza na barua ya Benton aliyoiacha apelekewe Scarpetta baada ya yeye kufa. Barua ya marehemu, jameni. Anaomboleza kitabu hicho chote na kinachofuata, na kwa kuwa anasema "mimi", ule msiba tuliuchukua kama wetu. Hatukuwa tunachungulia dirishani. Tulikuwa tumekaa ndani kwenye mkeka na wafiwa.

Halafu ikaja Blow Fly. "Mimi" ikawa "yeye". Sura ni fupi fupi, zinarukaruka: mara gerezani Texas kwa muuaji mwenye mwili wa manyoya, mara Louisiana, mara Lucy, yule mpwa ambaye sasa ni mtu mzima, yuko Poland na mpango wa kuua. Na mapema tu tunapelekwa Boston kukutana na Benton, mzima wa afya. Marino, rafiki wa Scarpetta wa tangu kitabu cha kwanza, alijua. Lucy alijua. Sasa na sisi tunajua. Asiyejua ni Scarpetta peke yake.

Hapo ndipo nilipokasirika. Huyu ni mwanamke ambaye kazi yake yote ni kuiuliza maiti: wewe ni nani, na nani alikufanyia hivi? Imani ya vitabu hivi tangu mwanzo ni kwamba watu hudanganya lakini mwili haudanganyi. Basi kuhusu mwili mmoja uliomhusu kuliko yote, alidanganywa, na waliomdanganya ni watu wa nyumbani kwake. Ukinipa hiyo, nitasoma kurasa mia tano. Atajiulizaje tena kuhusu macho yake mwenyewe? Atamwangaliaje Marino? Lakini hilo ndilo jambo ambalo kitabu hakina muda nalo. Benton na Scarpetta wanakutana mwishoni, kurasa chache, tumemaliza. Ingekuwa bado anasema "mimi", Cornwell asingeweza kutoroka hivyo. "Mimi" ingelazimika kusema inahisi nini. "Yeye" unaweza kumfungia mlango ukaondoka.

Kuna watakaosema kufufua watu ni jambo la kawaida katika hadithi za upelelezi, na Sherlock Holmes mwenyewe alirudi. Kweli, Conan Doyle alimrudisha 1903, miaka kumi baada ya kumtupa kwenye maporomoko. Ila angalia tofauti. Mwili wa Holmes haukuwahi kuonekana, na anayesimulia kurudi kwake ni yule yule Watson aliyemlilia. Watson anazimia mbele yetu. Msiba wake unalipwa. Wa Scarpetta ulifutwa tu, kama deni la mtu aliyehama mtaa.

Sisi tunaonunua vitabu vya mtumba barabarani Nairobi tuna shida ya ziada: unasoma kilichopo, si kinachofuata. Rafiki yangu alianza na Blow Fly kwa sababu ndiyo aliyoikuta. Aliporudi Point of Origin, Benton akafa, na yeye akafungua ukurasa unaofuata kama mtu anayetazama marudio ya mechi. Black Notice, ambayo mimi ilinivunja, yeye aliiona ndefu. Siwezi kumlaumu. Kitabu kimoja kilirudi nyuma kikavigeuza vingine viwili kuwa uongo.

Najua pia mwandishi ana haki ya kuchoka. Miaka kumi ndani ya kichwa cha mtu mmoja ni mingi, na kama Cornwell alitaka hewa, sawa, angeandika mfululizo mwingine. Sauti ya "mimi" aliirudisha 2010 kwenye Port Mortuary. Niliisoma haraka, kwa hamu kabisa. Scarpetta anaongea tena, na Benton yuko hapo, sasa ni mume wake. Kila anapoingia chumbani nasubiri amuulize kuhusu ile miaka. Wanazungumza kazi.

Ukitaka kuanza, tafuta Postmortem na usonge kwa mpangilio hadi Black Notice. Ile barua isome taratibu, na uiamini.