Kumjua Simba kwa Sharubu Zake

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Walikuwa wafugaji wa ng'ombe, hawakuwa wafuatiliaji wa simba. Porini madume wawili, watatu, mara chache hata tisa, huungana wakawa kitu kimoja: hutembea pamoja, hunguruma pamoja, na kulilinda kundi la majike. Dume asiye na mwenzake huwa hadumu sana kwenye himaya.

Kumfahamu mmoja mmoja kati ya hao, tangu anapofukuzwa kwao na manyoya machache shingoni hadi siku anapofukuzwa tena na vijana wapya, ni ufundi. Ni ufundi usio na karakana wala cheti ukutani, na kila nikiutazama naona tumeuchukulia kirahisi mno.

Kazi huanza alfajiri kwa sababu ya kivuli. Jua likiwa chini, kila kishimo cha vumbi hujaa giza kidogo, na unyayo huonekana kama umechorwa kwa wino. Ikifika saa sita jua likiwa utosini, unyayo uleule utaupita bila kuuona. Mfuatiliaji hodari hujiweka mahali ambapo unyayo uko kati yake na jua. Hutembea kando ya njia ya mnyama, hakanyagi juu yake, ili akipotea arudi kuisoma upya.

Barabara ya magari ndiyo daftari lake. Dume akikagua mipaka yake usiku hupenda barabara, maana vumbi ni laini na miiba haipo. Anaacha vidole vinne visivyo na alama ya kucha, kwa kuwa simba huzificha kucha zake akitembea. Fisi huziacha wazi. Nyuma ya unyayo kuna nundu tatu zilizopangana. Mguu wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma, na wa dume ni mpana kuliko kiganja cha mtu mzima. Mbele kidogo udongo umekwaruzwa kwa miguu ya nyuma, na kichaka cha jirani kinanuka mkojo. Hapo bwana amepiga muhuri.

Sasa swali ni lini. Unyayo ukiwa umekanyaga alama ya tairi la jana jioni, simba alipita baada ya magari kulala. Ukiona mende wa usiku amepita juu ya unyayo na kuacha kijia chake chembamba, simba alitangulia. Lakini kingo zikiwa bado zimesimama wima, chembe hazijaporomoka na upepo umekwisha kuamka, shusha sauti: hayuko mbali. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na methali hiyo inamfaa vilevile anayemfuata.

Macho yakichoka, masikio hushika zamu. Kanga wanapiga kelele upande gani? Twiga watatu wanakodolea nini bila kutafuna? Tai nao husema mengi. Wakishuka chini wote, mzoga hauna mwenyewe. Wakitua mtini na kungoja, mwenyewe yupo.

Kumpata simba ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua huyu ni nani. Anayeanza hutazama manyoya ya shingoni, na hapo ndipo anapodanganyika, maana manyoya hukua, hubadilika rangi na hunyonyoka. Fundi huomba darubini na kutazama mashavu. Kila unywele wa sharubu umeota kwenye kidoa cheusi, na vidoa hivyo vimepangwa kwa mistari. Juu ya mstari wa kwanza uliotimia kuna vidoa vichache vilivyojitenga, na siri iko hapo: kipo kimoja au vitatu? Kiko juu ya kidoa cha pili, au katikati ya cha tatu na cha nne? Shavu la kushoto halifanani na la kulia, na mpangilio haubadiliki hadi kufa. Njia hii ilichapishwa mwaka 1970 na Colin Pennycuick na Judith Rudnai, kutokana na simba wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Ni kama alama ya kidole gumba, ila mwenye kidole ana meno, nawe unangoja ageuze uso. Pengine unangoja saa nne, maana amelala, na akiamka hugeukia upande ambao tayari unao.

Pale Serengeti subira ya namna hii imeendelea tangu mwaka 1966, George Schaller alipoanza kuwafuata simba wa huko. Mwaka 1978 Craig Packer na Anne Pusey waliipokea kazi. Kila simba ana kadi yake: vidoa vya sharubu, masikio yaliyochanika, mama yake, kundi lake. Kadi zikilundikana miaka na miaka, mambo huanza kujieleza. Ikajulikana kwamba madume wanne au zaidi wanaotembea pamoja huwa ni ndugu waliozaliwa kundi moja, ilhali wawili au watatu wanaweza kuwa wageni kabisa waliokutana wakizurura na kuamua kuishi kama ndugu. Ikajulikana kwamba utawala wa madume juu ya kundi kwa kawaida ni miaka 2 hadi 3 tu, na wanaoingia huua watoto wa waliotoka ili majike wapate joto upya. Hata pua ikapata maana: ya simba kijana ni ya waridi, kisha hujaa madoa meusi kadiri umri unavyokwenda, hivyo anayejua kuisoma hukadiria miaka yake.

Hayo hayaonekani kwa mtu wa safari ya siku tatu. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa ulipoingia Serengeti na kuua karibu theluthi moja ya simba, watafiti hawakukisia tu. Walijua nani hakuonekana tena.

Vifaa vimeongezeka: kola za redio, kamera za kufunga mtini, ndege zisizo na rubani. Februari 2024, nchini Uganda, kamera inayoona joto la mwili iliwanasa madume wawili ndugu wakiogelea usiku kuvuka mfereji wa Kazinga, umbali unaozidi kilomita 1, penye mamba na viboko. Mmoja alikuwa Jacob, mwenye miguu mitatu baada ya kunaswa na mtego. Mwenzake ni Tibu. Kamera ilionyesha vinundu viwili vya joto majini. Vinundu hivyo vikawa habari kwa sababu kulikuwa na watu waliokwisha kumjua Jacob, mguu wake, na nduguye.

Ila wanaonishangaza zaidi ni morani wa Amboseli. Tangu mwaka 2007 mpango wa Lion Guardians umekuwa ukiwaajiri vijana wa Kimaasai wawafuatilie simba katika ardhi ya wafugaji, nje ya mbuga. Wengi hawakuwa wameingia darasani; walifundishwa kusoma na kuandika ili wajaze fomu. Kusoma vumbi hawakuhitaji kufundishwa, maana wamefanya hivyo tangu wakichunga ndama. Morani akiona nyayo zinaelekea malishoni, huwaonya wachungaji wapeleke ng'ombe kwingine. Ng'ombe akipotea, humtafuta kabla giza halijaingia. Boma likiwa na tundu, husaidia kuliziba.

Zamani morani aliyemuua simba alipewa jina la heshima. Sasa yeye ndiye anayempa simba jina, la Kimaasai, na jina hilo huzunguka maboma. Simba akila ndama, hasira ipo palepale, lakini wanaokaa kikao wanamjua mtuhumiwa, wanajua ana watoto wangapi na amepita kwao mara ngapi bila kugusa kitu. Mkuki huwa mzito kidogo mkononi unapomwelekea mtu unayemfahamu. Sikukosea kuandika mtu.

Madereva wengine wa watalii, wakipeana habari kwenye redio bila kutaka wageni waelewe, humwita simba "masharubu". Bila kujua wametaja palepale fundi anapotazama. Basi safari ijayo ukiwa mbugani, usiishie kumuuliza dereva wako simba yuko wapi. Muulize huyu ni nani, na nduguye yuko wapi. Akikujibu bila kubabaika, mwongezee bakshishi; umempata fundi.