Fahari ya Kutunga Hadithi

Kibarua anayerejea Mbagala jioni kutoka soko la Tandika, amesimama ndani ya daladala iliyosheheni, mwenye uchovu na njaa na kiasi cha fedha kinachotosha mahitaji ya kesho tu, akiamua kuitoa sehemu ya fedha hiyo anunue gazeti kwa sababu juma lililopita hadithi ilikatwa pale mlango ulipogongwa, hakika mtunzi wa hadithi ile amepata daraja ambayo wanazuoni wengi hawajaifikia. Hapana aliyemlazimisha mtu yule kusoma. Hana mtihani unaomngoja wala mwalimu mwenye bakora. Yumo katika hiari yake kamili, na kwa hiari hiyo amekubali kushikwa. Ndiyo maana naiheshimu kazi ya kutunga hadithi kuliko nyingi ya kazi za kalamu, wala siwafuati wale wanaozibeua hadithi za jarida la Sani na za magazeti ya kila wiki kwa hoja ya kwamba husomwa vibarazani Manzese na Temeke.

Walakini kushika kuna namna zake. Damu humshtua msomaji, haimshiki. Maiti tatu katika ukurasa mmoja humfanya aione ya nne kuwa jambo la kawaida. Taharuki ya kweli ni hofu kwa ajili ya mtu tunayemjua, nayo haizaliwi ila baada ya mtunzi kutujulisha mtu huyo kwa subira: anavyokula, anavyodaiwa, na anachomficha mkewe.

Marehemu Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa kitabu mwaka 1960, aliifahamu siri hii barabara. Maiti aliiweka mzimuni, mahali ambapo hofu ya wenyeji ilikwisha kukaa kabla yeye hajashika kalamu; kisha akamleta mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake, mtu wa nadhari na utulivu, aulize maswali ya kawaida juu ya watu wa kawaida. Msomaji huvutwa na pande mbili kwa pamoja, moyo ukiuogopa mzimu na akili ikimfuata Bwana Msa, na baina ya hayo mawili hapati nafasi ya kukifunga kitabu. Wasemao kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyehamia Unguja wamekiona kiko, hawakuuona mzimu.

Hapa Dar es Salaam, Faraj Katalambula alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, akakitwaa chombo kilichokuwa fahari ya maofisi akakitia kitisho. Kisha wakaja Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba, na Ben Mtobwa na mpelelezi wake Joram Kiango.

Ajabu ni kwamba mtunzi wa Kinondoni au Temeke amezungukwa na madrasa isiyotoza ada. Itazame nyumba ya Kiswahili ya Mwananyamala, ya Magomeni au ya Keko: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, kila chumba na mpangaji wake, na uani choo kimoja, bomba moja na majiko yaliyopangwa kando ya ukuta. Pale ambapo kuta za vyumba hazifiki paani, ugomvi wa mume na mke wa chumba cha pili husikiwa na wa chumba cha tano, na asubuhi wote hukutana bombani wakasalimiana kana kwamba usiku ulipita kimya. Katika salamu hiyo imo riwaya nzima. Nani anajua nini, nani anajifanya hajui, na nani atateleza ulimi kwanza: mtunzi aliyeyashika hayo hana haja ya bastola. Mama mwenye nyumba akimfutia mpangaji mmoja deni la kodi bila kutaja sababu, amekwisha kutia swali ambalo nyumba nzima italikesha.

Adam Shafi, katika Kuli ya mwaka 1979, alikuwa na mtihani mgumu zaidi, kwani mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948 ni tukio la historia, na wasomaji wake wengi walikwisha kulisikia. Lakini alitulea kwanza pamoja na Rashidi, mhusika wake mkuu, katika ufukara wa nyumbani kwao, hata mgomo ulipowadia tukauogopea matokeo kama watu wasiopata habari zake kamwe. Kwangu mimi huo ndio upeo wa sanaa hii.

Sasa ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa mwaka 2022, na miswada ya riwaya hupokewa. Basi wewe kijana wa Mbagala au Tandale mwenye mswada mkobani, usiupeleke kabla hujausoma kwa sauti uani, wapangaji wenzako wakichambua mchele. Usiwaulize kama ni mzuri, kwani watakusifu kwa adabu. Tazama ulikuwa ukurasa gani aliponyanyuka wa kwanza kwenda kukinga maji, utie alama hapo, na uanze kuandika upya kutoka ukurasa ule.