Hukwe Zawose na Kikwazo cha Neno "Asili"

Nililisikia jina la Hukwe Zawose kwa mara ya kwanza redioni, nikiwa mtoto huko Isongole, mpakani mwa Tanzania na Malawi. Mtangazaji alimwita mwanamuziki wa asili. Istilahi hiyo imedumu katika uhakiki wetu, nami naona imetuzuia kumsikia.

"Muziki wa asili" hupambanishwa na "muziki wa kisasa", kana kwamba a-unganifu hapo inataja mahali ambapo mtu ama hubaki ama huondoka. Kwa mtazamo huo maisha ya Zawose husimuliwa kama msururu wa vituo: Ugogoni, Dar es Salaam alikoitwa na Mwalimu Nyerere, Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kisha albamu ya Chibite iliyotolewa Uingereza mwaka 1996. Kila kituo huhesabiwa kuwa faida au usaliti.

Ala zenyewe zinapinga usimulizi huo. Muziki wa Wagogo umejengwa juu ya sauti ndogondogo zinazozaliwa kutokana na sauti moja ya msingi, hasa ya nne hadi ya tisa. Mpangilio huohuo huongoza koo la mwimbaji, uzi wa zeze na vijiti vya chuma vya ilimba. Kwa hiyo Zawose alipoliweka zeze chini na kushika ilimba hakubadili lugha. Alibadili matamshi tu. Hata ule mvumo wa ilimba, utokanao na utando wa kifuko cha mayai ya buibui uliobandikwa kwenye tundu la kisanduku, si uchafu wa sauti kama wanafunzi wangu wanavyodhani. Ni sifa bainifu, kama unazali katika irabu za baadhi ya lugha.

Sisemi kwamba hakuna kilichobadilika. Katika Assembly, aliyoifanya na Michael Brook wa Kanada, masikio yangu hayasumbuliwi na gitaa, ambalo huiandama ilimba kwa adabu. Yanasumbuliwa na mapigo ya studio yaliyopimwa sawasawa mno, yanayomnyima mwimbaji nafasi ya kuchelewa. Hiyo ni hasara ya mwendo. Mhakiki aliyeridhika na neno "asili" atailaumu ala ngeni, na kasoro halisi itampita.

Zawose alifariki mwaka 2003. Mwaka 2024 Pendo na Leah, The Zawose Queens, walipotoa albamu ya Maisha, mjadala wa asili ulirudi vilevile. Ningependa kwanza tuulize ilimba yao imewianishwa vipi.