Anayerudi Ndiye wa Mwisho Kujua

Filamu nyingi za mtu anayerudi kutoka ng'ambo hufungua kwa vifijo na kukumbatiana, na hapo ndipo zinapoharibika: furaha ikishatangulia, hadithi haina pa kwenda. Asghar Farhadi, mwongozaji wa Iran, hufanya vingine. Kwake, ujio wa mtu huwalazimisha wenyeji kutoa siri walizozifungia ndani.

Tazama Le Passé ya mwaka 2013, iliyochezwa zaidi kwa Kifaransa. Ahmad anatoka Tehran kwenda Paris kukamilisha talaka na mkewe, Marie. Kwenye uwanja wa ndege wanaonana kupitia kioo. Midomo inacheza, hatusikii neno. Hali ya ndoa hiyo tumeshaijua kabla talaka haijatajwa.

Katika Darbareye Elly ya 2009, iliyompa tuzo ya mwongozaji bora huko Berlin, Ahmad mwingine amerudi kutoka Ujerumani baada ya ndoa kuvunjika. Rafiki yake, Sepideh, anamwalika Elly, mwalimu wa mwanawe, kwenye mapumziko ya Bahari ya Kaspi ili wawili hao wafahamiane. Elly anarusha tiara ufukweni. Kamera imeng'ang'ania uso wake. Picha inakatwa. Tunawaona wanaume wakicheza voliboli, mara watoto wanakuja wakilia: mwenzao yuko majini. Mtoto anaokolewa, Elly haonekani. Amezama au ameondoka? Hatukuona. Mkato huo mmoja unamweka mtazamaji sawa na wenyeji: naye anakisia, analaumu, anageuza mawazo. Baadaye inafichuka kwamba Elly alikuwa na mchumba, na Sepideh alijua.

Kwetu Kongo, mwongozaji Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alitoa Augure mwaka 2023. Koffi anarudi kutoka Ubelgiji na mchumba wake mjamzito, Alice. Anampakata mtoto mchanga wa dada yake, pua inatoka damu, tone linamwangukia mtoto. Namna ndugu wanavyomnyang'anya mtoto yule inatosha kutuambia wanamwona mchawi. Baada ya hapo Baloji anaingia katika ndoto na rangi. Farhadi angebaki sebuleni. Naona njia ya Farhadi inatufaa zaidi, maana haidai fedha nyingi. Inadai mwandishi anayepanga vizuri nani anajua nini, na nani atajulishwa lini.

Na kwa njia hiyo, vijana wa kamera wa jimbo letu la Tshopo hawaanzi mikono mitupu. Dieudo Hamadi wa Kisangani, katika En route pour le milliard ya 2020, aliwafuata majeruhi wa Vita vya Siku Sita vya Juni 2000 mjini humo wakishuka mto hadi Kinshasa. Mto huohuo unapita Isangi, pale mto Lomami unapoingia. Na mtu wa Poto, yaani Ulaya, anayerudi Isangi kwa boti kutoka Kisangani hukaa saa nyingi bega kwa bega na watu wanaoifahamu familia yake kuliko anavyoifahamu yeye.

Basi, anzeni ndani ya boti hiyo. Abiria wanajua kwamba kiwanja ambacho huyo anayerudi amekuwa akituma fedha za kukijenga kimeuzwa, yeye hajui. Msimpe mtu yeyote hotuba. Wekeni kamera kwenye nyuso za wanaojua, mwache yeye aendelee kuonyesha picha ya nyumba anayoitarajia, na habari yenyewe muitoe atakapokuwa amefika kwa mama yake.