Star Trek: maneno machache kwa mwenye kuitazama mara ya kwanza



Masimulizi yanayoitwa Star Trek yalianza kuonyeshwa katika televizyo ya Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Tangu siku ile yamezaa mifululizo mingi, mmoja nyuma ya mwingine, na jumla ya sehemu zake imepita 900. Mtu akitazama sehemu moja kila jioni, pasipo kuacha hata Dominika, itampasa miaka miwili na nusu mbele ya kufika mwisho. Mimi nimeanza mwaka uliopita, wala sijafika mbali. Nimeona sehemu kama sitini, kwa Kifransa, katika ordinatere ya parokia inayokula nguvu ya jua, siku ambazo mawingu ya Masisi yamekubali.

Mapadri wenzangu wawili wamesema ni mchezo wa watoto walioshiba. Seminaristi wao wanajibu kwamba ni mafundisho ya elimu na ya wakati ujao. Sikubaliani na hao wala hao. Elimu ya nyota iliyomo ndani ni kidogo sana: merikebu zinaupita mwanga kwa mbio, watu wanatumwa kutoka mahali mpaka mahali kama habari za radio, na mwalimu wa fizika asitafute kitu cha kufundishia huko. Nguvu ya masimulizi haya iko katika swali ambalo sisi wa Masisi na Walikale hatuhitaji kufasiriwa: yule wa upande wa pili, niliyeambiwa tangu utoto kwamba ni mnyama, nitamtambuaje kwamba ni mtu? Ni kwa kipimo hicho nataka kuyapima. Kwani mara nyingine yanajibu vizuri sana, na mara nyingine yanajibu upesi mno.

Msomaji wa Kiswahili ana mlango wake wa kuingilia, nao ni jina. Katika merikebu ya kwanza, Enterprise, mwenye kazi ya kupokea na kutuma habari ni mwanamke mweusi, Uhura. Jina limetoka katika neno letu uhuru. Nichelle Nichols, aliyemcheza, alisimulia kwamba siku alipokwenda kujaribiwa alichukua kitabu mkononi, Uhuru cha Robert Ruark, kilichotoka mwaka 1962 na chenye kusimulia Kenya; mtungaji Gene Roddenberry akalipenda neno, akaligeuza mwishoni kusudi lisikike kama jina la mwanamke. Fikirini miaka ile. Sisi tulipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na wengi kwetu walisema dipanda. Kenya ilifuata Desemba 1963. Neno lilikuwa bado la moto.

Hata Kiswahili chenyewe kilisikika usiku ule wa kwanza wa Septemba 1966. Lakini angalieni kilitoka kinywani mwa nani! Ni zimwi lenye kula chumvi ya miili ya watu, lililojigeuza sura ya mwanamume mweusi na kumsemesha Uhura lugha ya kwao kusudi limpate. Mwaka uliofuata, katika sehemu ya The Changeling, mashini moja inafuta akili ya Uhura yote. Anafundishwa tena kusoma Kiingereza kama mtoto, na neno likimshinda anarudi katika Kiswahili. Hapo nilifurahi kweli. Kila mwalimu wa darasa la kwanza, kule Nyabiondo ama Mweso, amekwisha kumwona mtoto akishindwa na Kifransa na kurudi katika lugha ya mama yake.

Sasa mwangalieni Uhura katika sehemu inayofuata. Yuko kazini, amekaa mahali pake, kana kwamba hakupotewa na kitu. Mtu aliyefutwa akili yote! Huo ndio ugonjwa wa mfululizo wa kwanza: kila kidonda kinapona mbele ya saa moja kwisha, kwa sababu juma lijalo watu watataka kuona jambo jingine. Tena Uhura mwenyewe hapewi maneno mengi. Mara kwa mara anatangaza tu kwamba habari imefika. Nichols alitaka kuacha kazi nyuma ya mwaka wa kwanza, na alisimulia kwamba Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki, kwani watu walikuwa wanamwona mwanamke mweusi katika cheo cha heshima. Ni kweli, cheo kilikuwapo, maneno yalikawia. Katika mfululizo mpya, Strange New Worlds, ulioanza mwaka 2022, Uhura kijana anatoka Kenya, ni yatima aliyepoteza wazazi na kaka katika ajali, naye ndiye anayeokoa wenzake kwa kuimba na kusikiliza. Miaka hamsini na sita imepita katikati.

Nije kwa sehemu iliyonishika zaidi katika mfululizo wa kwanza. Inaitwa The Devil in the Dark, yaani shetani gizani, ya tarehe 9 Machi 1967. Aliyeiandika ni Gene L. Coon. Mtu wa Rubaya au wa Bisie ataielewa hata bila sauti, kwani mambo yote yanapita ndani ya mashimo ya madini. Wachimbaji wamefungua ngazi mpya chini kabisa, na tangu siku ile kitu kinatoka katika mwamba na kuwachoma kwa maji makali. Watu kama 50 wamekwisha kufa. Merikebu inaitwa. Sikilizeni sababu yake: kuna dunia nyingine nyingi zinazongojea madini hayo kwa mashini zao za umeme, na kazi imesimama. Kirk, mkubwa wa merikebu, anaamuru kitu kile kiuawe. Msaidizi wake Spock, mtoto wa makabila mawili, angependa kihifadhiwe kwa ajili ya elimu. Halafu Kirk anakutana nacho peke yake, uso kwa uso, naye hapigi; na Spock kwa mbali, kwa kumhofia rafiki yake, ndiye anayepiga kelele kwamba auwe. Kila mmoja amechukua neno la mwenzake. Mtunzi hakuwafanya waeleze jambo hilo, ametuachia tulione wenyewe, na mimi nasema ni kazi nzuri.

Watengenezaji walikuwa na makuta kidogo. Yule mnyama ni mtu mmoja, Janos Prohaska, anayetambaa chini ya kitu kama zulia la mpira, na vijana waliotazama pamoja nami walicheka mpaka machozi. Kiisha Spock anaweka mikono juu yake, anaingia katika akili yake kwa namna ya watu wa kwao, na anaanza kulia kwa maumivu yasiyo yake. Kumbe ni mama. Kila miaka 50,000 kabila lake lote hufa, anabaki mmoja wa kulinda mayai; na yale mawe ya mviringo ambayo wachimbaji waliyakuta kwa maelfu na kuyaharibu, ndiyo watoto wake. Jiwe moja la namna hiyo lilikuwa juu ya meza ya mkubwa wa mashimo tangu dakika za kwanza, kama pambo. Spock alilishika, sisi tulilitazama, wala hatukufikiri kitu. Vijana walinyamaza, na mmoja wao akaomba turudishe nyuma alione tena.

Lakini tuendelee mpaka mwisho. Wachimbaji wanakuja na magongo wamwue mama yule. Kirk anasimama katikati, anawaambia habari za mayai, na magongo yanashuka. Nyuma ya siku chache watoto wanazaliwa, wanatoboa mwamba kwa ajili yao wenyewe, wachimbaji wanafuata nyuma na kuokota madini, na wote watakuwa matajiri. Wajane wa watu 50 hatuwaoni. Hakuna mchimbaji anayekwenda kwa mama yule na kusema neno. Tena zile dunia zinazongojea madini haziulizwi kitu: zinalipa nini, zilijua nini. Hapo mimi wa Masisi siwezi kunyamaza. Mashimo ya Rubaya hukadiriwa kutoa kiasi cha 15 kwa 100 ya koltani ya dunia nzima. Humo hutolewa tantalo inayotiwa ndani ya telefone na ordinatere, na labda kipande chake kimo ndani ya hii niliyotazamia. Rubaya imebadili wakubwa zaidi ya mara moja, na tena mwaka 2024, na madini yameendelea kutoka. Mashimo huanguka wakati wa mvua. Coon aliona vema kwamba mtu anaweza kuvunja yai kwa kudhani ni jiwe. Lakini aliwatazama wachimbaji na mama peke yao, na mnunuzi akapita nyuma ya migongo yao.

Niseme kidogo juu ya dini, kwa kuwa wengine wataniuliza. Mfululizo wa kwanza unapenda kuonyesha miungu ambayo, ukiifunua, ni mashini. Katika The Apple, ya Oktoba 1967, watu wanailisha mashini kama mungu wao. Kirk anaivunja, anawapa pongezi, anaondoka. Wala simlaumu kwa kuvunja sanamu. Namlaumu kwa kuondoka mara moja, kwani mashini ile ndiyo iliyotengeneza hata mvua yao, na sheria ya merikebu yake yenyewe inakataza kuingia katika mambo ya watu wengine. Wageni wenye kuja, kutengeneza na kupanda ndege tunawajua.

Katika Deep Space Nine, mfululizo ulioanza Januari 1993, jambo hilo limegeuka, kwani merikebu haiondoki. Ni kituo, kimesimama karibu na dunia ya Bajor, na watu wake wanabaki kutazama matokeo ya kazi yao. Wabajor ni watu wa sala, na mtunzi hawacheki. Kwa miaka kama hamsini walitawaliwa na Wacardassia, waliochukua madini yao na kuwatumikisha. Kituo chenyewe kilikuwa mahali pa kusafishia madini hayo. Sasa watawala wamekwenda, na walioumizwa wamebaki na kumbukumbu.

Sehemu ya Duet ilionyeshwa tarehe 13 Juni 1993. Naomba tarehe hiyo isipite hivi hivi. Mwezi wa Machi mwaka uleule vita vilianza katika soko la Ntoto, hapa Walikale, vikaingia Masisi, jirani kwa jirani. Mimi nilikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Watungaji wa kule hawakujua habari zetu hata kidogo, tena walikuwa wanafikiria vita vingine. Lakini sijaona sinema nyingine iliyosema mambo yetu kwa karibu namna hii.

Mcardassia mmoja mgonjwa anafika kituoni. Ugonjwa wake hupatikana kwa mtu aliyekuwa mahali pamoja tu siku ya ajali moja: kambi ya machimbo ya Gallitep, walipouawa Wabajor wengi. Kira, mwanamke wa Bajor aliyepigana msituni tangu ujana wake, anamfunga. Mfungwa anasema kwamba alikuwa karani tu, Marritza jina lake. Kiisha picha inaonyesha kwamba ana sura ya Darhe'el, mkubwa wa kambi, na yeye anakubali na kujisifu kwa mauaji yake mpaka mtazamaji anataka kumpiga. Lakini Darhe'el hakuwapo Gallitep siku ya ajali, tena amekwisha kufa miaka sita iliyopita. Mfungwa ni Marritza kweli, karani, aliyebadilisha uso kwa upasuaji. Kule kambini alikuwa akiziba masikio usiku asisikie vilio. Sasa anataka ahukumiwe na kuuawa kwa jina la mkubwa wake, kusudi taifa lake lilazimike kukubali lililofanya.

Karibu yote yanasemwa ndani ya chumba kimoja cha gereza, watu wawili. Hakuna bunduki inayolia. Harris Yulin anamcheza karani, Nana Visitor anamcheza Kira, na mimi nashika neno langu: sehemu hii inapita zote nilizoona. Kira alianza kwa kutaka awe na hatia, na anasema hivyo waziwazi. Mwishoni anamfungulia mlango. Wanatembea pamoja kati ya watu, na Mbajor mmoja anakuja kwa nyuma na kumchoma kisu. Anapoulizwa sababu, anajibu kwamba yule ni Mcardassia, basi inatosha. Kira anamkatalia. Hapo mambo yanakwisha, na juma lililofuata hakuna aliyerudisha uhai wa Marritza.

Mwenye jioni mbili tu, namshauri atazame hizi mbili, ya mama wa mwambani kwanza na ya karani kiisha. Akianza na karani, ile nyingine itaonekana ya kitoto, na itakuwa hasara, kwani jiwe lile juu ya meza lastahili kuonwa na macho yasiyochoka. Asiogope kwamba hajui mambo yaliyotangulia. Mimi sikujua kitu, nikaelewa.

Katekista mzee aliyetazama Duet nasi hakuuliza habari za Gallitep wala za sheria. Aliuliza: yule karani walimzika wapi, na nani alikwenda kuwaambia watu wa kwao? Tukarudisha dakika za mwisho mara mbili. Sehemu haionyeshi. Kira amepiga magoti kando ya maiti, na majina ya wachezaji yanaanza kupita. Nadhani mtunzi angaliweza kutupa dakika moja zaidi, mtu mmoja wa Bajor akiuchukua mwili ule kuupeleka kwao. Kwani hapo ndipo kwetu kazi huanza, na wenye kuifanya ni wachache.